Kilo Zisizo na Mwenyewe

Jumatatu, 1 Megabit

Wiki ya pili ya mafunzo yangu ya uuguzi, wodi ya wanaume. Leo nimepewa mgonjwa wangu mwenyewe: Gashe Damtew, mzee mfumaji wa shuka. Moyo wake umechoka kusukuma damu. Miguu imevimba — ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Anaruhusiwa lita moja tu kwa siku, chai na supu humo humo. Sindano ya kukojoza asubuhi na jioni. Na kila alfajiri, mizani.

Mizani imepanda kilo moja tangu jana! Mwalimu Worku anasema kilo ya usiku mmoja si nyama, ni lita ya maji. Mizani haina mjomba, akasema. Nikamuuliza mzee, umekunywa maji ya ziada? Hata tone, mwanangu.

Basi nani? Nimemwona Sista Etagegn akivuta dawa kwenye bomba la sindano. Alinipa mgongo. Kwa nini mtu mwenye moyo safi anipe mgongo?

Jumanne, 2 Megabit

Kilo nyingine. Mzee sasa hawezi kulala chali, anaegemea mito.

Nimesikia shemeji yake Sista Etagegn ana duka la dawa mkabala na geti. Haya! Sisemi kitu, naandika tu.

Baadaye — nimesema. Nimemnong'oneza mkuu wa wodi, Sista Lemlem. Sikumtaja mtu! Nilisema tu, huenda kuna mgonjwa anachomwa maji matupu. Akauliza zamu ya dawa ni ya nani wiki hii. Kana kwamba hajui.

Jumatano, 3 Megabit

Mwalimu Worku kanibana mbele ya wenzangu. "Usiniletee mtu, Hirut. Niletee sababu. Kama sindano ni ya uongo, mkojo ungekuwaje?" Mdogo, nikasema. "Umeupima?" Mwenzangu Bereket alicheka mpaka akapaliwa.

Nimeupima. Kopo likajaa, nikamwaga, likajaa tena. Dawa inafanya kazi! Mtu anakojoa hivi na bado anazidi uzito, maana yake yanayoingia yanayashinda yanayotoka. Au ni chumvi — chumvi hushika maji mwilini. Mara moja nikamgeukia mkewe, Emama Zenebu. Mchana kaleta shiro la mfungo, rojo ya dengu kama kawaida. Alipogeuka nikachovya kidole. Halina chumvi hata chembe — baya kweli! Kumbe ananiona.

"Unadhani namuua mume wangu? Kama una njaa sema, mwanangu, nikupakulie!"

Wodi nzima ikacheka, hata yule wa kitanda cha pembeni ambaye mshono bado unamuuma. Nimeona haya. Lakini shaka haijaniisha. Maji hayajipandishi kitandani yenyewe.

Alhamisi, 4 Megabit

Kilo tena. Sista Etagegn kanyang'anywa funguo za kabati la dawa mpaka uchunguzi uishe. Analia msalani, nimemsikia. Ningeweza kwenda kusema mkojo ni mwingi, dawa ilikuwa dawa. Sikwenda. Labda anaiba ya wagonjwa wengine?

Ijumaa, 5 Megabit, sikukuu ya Mtakatifu Abbo

Wageni wengi. Wametoka kanisani moja kwa moja, shuka nyeupe, madumu madogo ya njano mkononi, tsebel ya chemchemi ya Abbo. Maji ya baraka. Gashe Damtew akaniashiria kikombe chake, kile kikubwa cha bati. Nikammiminia kama siku zote, nikasema amina, nikachukua kalamu niandike alichokunywa leo. Chai. Supu.

Mkono ukakataa.

Mimi! Mimi mwenyewe ndiye ninayemmiminia, asubuhi na jioni, tangu Jumatatu. Sijaandika hata tone. Lakini nani anaandika tsebel? Kwetu mtu akiugua anaogeshwa, ananyweshwa mpaka tumbo linajaa, na ukimuuliza amekunywa nini, atakuapia hajanywa kitu. Nimewashuku Sista, shemeji ya Sista, mke wa mtu na shiro lake. Dumu liko chini ya kitanda, najigonga nalo muundi kila nikipita, sikuliona!

"Gashe, nilikuuliza kuhusu maji!"

"Ndiyo, uliniuliza maji, binti yangu. Hii ni dawa ya Abbo. Nimeweka nadhiri tangu Jumapili mpaka Jumapili. Ukinikatiza, utajuana naye mwenyewe."

Jioni nikampa nusu kikombe. Nusu! Kama mtu anayeshauriana na shetani. Kisha nikanyamaza. Nikisema, nitaulizwa aliyemimina ni nani. Na machozi ya Sista Etagegn nitayarudisha vipi? Namwogopa Abbo. Sista Lemlem namwogopa zaidi.

Jumamosi, 6 Megabit

Naandika nikiwa chumba cha mashuka. Mlango nimeurudishia. 

Asubuhi nimemkuta Gashe Damtew ameketi wima, midomo ya buluu, anapigania pumzi, kifua kinachemka kama sufuria. Povu mdomoni, jekundu kidogo. Maji yameingia mapafuni. Yote niliyosoma yalinitoka! Aliyekuja mbio ni Sista Etagegn. Miguu ining'inie chini! Oksijeni! Kisha akanigeukia, hakupaza hata sauti: "Funguo ziko kwa Sista Lemlem. Nenda wewe ukachukue dawa. Mimi si nina mkono mrefu?"

Nilikimbia. Alinisimamia nikivuta dawa, akanisahihisha mara moja, kwa upole. Akakaa na mzee amemshika mkono mpaka mkojo ulipoanza kutoka na rangi ikarudi usoni. Sijawahi kumwonea mtu aibu namna hii.

Sasa Mwalimu Worku na Sista Lemlem wako kando ya kitanda cha mzee. Wanamhoji Sista Etagegn mbele ya wagonjwa. Mtu anapata dawa, anapimiwa kinywaji, halafu anazama kitandani — imekuwaje, Sista? Mimi nimesema naenda kuleta shuka safi. Shuka ninalo mapajani. Nitoke tu, niseme. Ni neno moja. Nimelisema mara kadhaa hapa peke yangu, na linatoka vizuri.

Sauti ya mzee inafika mpaka huku. Pumzi imemrudia, namshukuru Mungu, kwa kweli namshukuru. Analalamika kikombe chake cha asubuhi kimechelewa. Kikombe gani, anauliza Mwalimu Worku.

"Mwiteni binti yangu Hirut," anasema mzee. "Yeye ndiye hunimiminia kila siku. Ana mkono wa baraka, yule."

Nalikunja shuka upya.

Viatu vya Sista Etagegn vinakuja huku. Havina haraka.