Flashi ya Shingoni mwa Wifi

Jumamosi, 8 Machi

Leo mwanangu ameipasua kompyuta na kuitia roho mpya! Si kupasua kwa nyundo. Pale kwa dobi ninapofanya kazi niliwaambia hivyo hivyo nao wakashtuka, pasi ikabaki juu ya shati la watu mpaka likatoa moshi. Maana yangu ni kwamba ametoa mfumo wa zamani uliochoka, akaweka mpya. Peke yake! Sebuleni! Kompyuta yenyewe ni ile ambayo bosi wangu alitaka kuitupa, betri imekufa zamani, inaishi kwa waya tu kama pasi. Lakini Ijumaa binti yangu, Injinia wangu, ana intavyuu ya kazi, tena ya kwenye skrini, na mfumo wa zamani ulikataa kufungua picha za watu.

Miaka miwili tangu apate cheti. Barua arobaini na moja ametuma. Nimezihesabu mimi. Hii ndiyo ya kwanza kujibiwa.

Sasa naandika jambo ambalo sitalisema. Aliingia kuoga, mashine ikiendelea kujaza mfumo. Nikakaa nayo, isijione mpweke. Mara ikasimama ikauliza swali. Kizungu. Mistari miwili ya kuchagua, wa juu mrefu wenye namba nyingi, wa chini mfupi na nadhifu. Nikasubiri. Ikasubiri. Nikaona si adabu, mgeni anauliza na mwenye nyumba amenyamaza. Nikachagua ule nadhifu. Enta! Ikaondoka mbio. Nikajisikia injinia na mimi.

Aliporudi akauliza, mama, imeuliza kitu hii? Nikasema haijauliza. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia.

Saa kumi jioni wifi yangu akaja kuchukua flashi yake, iliyokuwa imechomekwa ubavuni mwa kompyuta tangu alipoisahau asubuhi. Ndani yake mna video za arusi ya binti yake. Anaivaa shingoni kwa kamba, pamoja na funguo. Akiingia nyumba ya watu, hata maji hajanywa, anauliza: TV yenu ina tundu? Nimeitazama ile arusi mara tisa. Bwana arusi bado anakanyaga gauni palepale.

Jumapili, 9 Machi

Haiwaki.

Yaani taa inawaka, feni inavuma, halafu skrini nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe. Mwanangu anasema eti haioni cha kuiamsha. Nikasema labda imechoka, jana imefanya kazi kubwa. Tukaipumzisha mpaka mchana. Nikaifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Nikaigeuza juu chini. Baba yake akaja akaitazama, akasema kitu hicho kinahitaji mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu ndiye huyo umemzaa! Akarudi kwenye gazeti lake.

Jumatatu, 10 Machi

Amegundua. Ana akili mwanangu, jamani, ana akili mpaka inanitia hofu.

Kumbe kila kompyuta ina kaprogramu kadogo kanakoitwa butiloda. Kazi yake ni moja tu, kuiamsha mashine asubuhi na kuielekeza mfumo ulipolala. Mimi nakaita mwamshaji. Sasa mwamshaji wetu hakuwekwa ndani ya kompyuta. Amewekwa kwenye flashi ya wifi.

Injinia amekaa kitandani na kichwa mikononi. Nimemweka mwamshaji kwenye flashi ya shangazi, anasema. Mimi! Kosa la mtoto wa siku ya kwanza. Cheti nilipewa cha nini?

Nikamletea chai. Chai ilikuwa na sukari nyingi sana. Ndiyo yote niliyofanya.

Tukaenda kwa wifi kuomba flashi. Wifi akasikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono kifuani kama anayeapishwa.

— Haitoki tena shingoni hii. Ikipotea, mwanangu hajaolewa.
— Wifi, ni dakika tano tu.
— Basi nitakuja nayo.

Akaja. Kamba ni fupi, kwa hiyo ilibidi apige magoti kando ya meza, kichwa kikalala karibu na kibodi kama ng'ombe anayekunywa maji. Mwanangu akawasha. Ikaamka! Rangi, muziki, kila kitu! Nikapiga vigelegele. Wifi akasema, bila kuinua kichwa, kumbe mashine yenu yote ilikuwa inanisubiri mimi.

Nilivimeza vigelegele vilivyobaki.

Jumanne, 11 Machi

Wifi amekuja mara nne. Tundu la chaja limelegea. Ukipita karibu na meza waya unachomoka, kompyuta inazima, na ikizima haiamki bila shingo ya wifi. Mara ya pili nilimkuta anachambua mchele, akaja na ungo wake. Mara ya nne alitaka kuletewa kiti chenye mto.

Injinia anasema ikishaamka flashi inaweza kutolewa, haina kazi tena. Wifi hataki kusikia. Anasema mgonjwa haondolewi dripu kwa sababu amefumbua macho.

Tukajaribu flashi nyingine, mashine ikaitazama kama mgeni asiyealikwa. Mwanangu akajaribu kumwandika mwamshaji ndani ya kompyuta yenyewe. Skrini ikaganda, na kuanzia hapo hata flashi ya wifi ikakataliwa. Saa nzima! Saa nzima nilikuwa nimesimama mlangoni na sala mdomoni. Ilipokubali tena, akasema: mama, hatugusi kitu mpaka Ijumaa ipite. Nikigusa tena nitaiua.

Zamani hakuwa hivi. Alifungua redio ya baba yake akiwa na miaka sita. Hakuirudisha, lakini aliifungua bila hofu.

Jumatano, 12 Machi

Wifi ametangaza. Nilikwenda dukani kununua sabuni, muuza duka akaniuliza, eti kompyuta ya Injinia inawashwa na shangazi yake? Nikamwambia ndiyo, ni teknolojia mpya, ya kifamilia. Akacheka mpaka akanizidishia chenji. Nikamrudishia.

Jioni nimemkuta mwanangu anaandika barua kwenye simu. Anawaambia wale wa kazi kwamba hatakuja. Anasema, mama, nafasi yenyewe ni ya kuangalia kompyuta mia mbili za ofisi. Mtu anayekosea swali moja, tena hakumbuki hata alijibu nini, amwangalizie nani kompyuta zake? Nimejaribu kukumbuka siku tatu, anasema. Sikumbuki kubonyeza. Labda kichwa changu hakiko sawa.

Maneno yalinifika hapa, kwenye meno. Lakini wifi alikuwa ameketi palepale, na mto wake, na ungo wake, na masikio yake yote mawili. Nikisema mbele yake, keshokutwa yatakuwa kwenye kila nyumba yenye TV. Mama Injinia, yule anayejisifu barabara nzima, ndiye aliyeharibu! Miaka mingapi nimemwambia wifi kwamba akili ya mwanangu imetoka upande wangu?

Nikamwomba mwanangu asitume barua. Nikamwambia alale kwanza. Hakutuma. Lakini hakuifuta.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilishazaa, ndiyo shida.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepiga pasi blauzi yake mara tatu. Kola inaweza kukata mkate.

Sijasema.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nne kasorobo. Naandika hapa hapa sebuleni. Mwanangu ametoa masharti: nisiongee, nisikohoe, nisimwangalie kwa lile jicho la kujivuna. Nikauliza, kuandika je? Akasema andika, mama, kalamu haina sauti.

Tumejipanga hivi. Injinia mezani, blauzi juu, suruali ya kulalia chini. Mimi nimekaa upande wa waya. Mkono wa kushoto nimeibana chaja kwenye tundu lake isichomoke, wa kulia naandika, daftari juu ya paja. Wifi kwenye kigoda chini ya ukingo wa meza, shingo imefungwa kwa kompyuta. Tulimwambia sasa imeamka, chomoa ukapumzike. Akasema, na mkono wako ukichoka, wifi, nani ataiamsha?

Hilo ni kweli.

Wametokea! Watatu. Mwenye miwani, mama mwenye lipstiki, na mmoja asiyesema kitu, anakula njugu. Mwanangu amesalimia vizuri sana. Sauti haitetemeki. Nimetazama ukutani ili jicho lisijivune.

Mama wa lipstiki anauliza, samahani, hicho kitu cha njano kwenye kona ya picha ni nini, kinasogea? Ni kilemba cha wifi. Mwanangu amesema, ni sehemu ya mashine. Wifi ameguna kidogo, kwa heshima.

Wanauliza mambo ya nyaya, mambo ya virusi, mambo ya nywila. Anajibu yote! Mla njugu ameacha kutafuna. Mkono wangu unakufa ganzi, lakini siutoi.

Sasa mwenye miwani. Anasema, tueleze kosa moja ulilolifanya wewe mwenyewe karibuni.

Mwanangu, mwaminifu kama alivyo — angeweza kutunga! Mtu mwingine angetunga! — ameeleza yote. Mfumo mpya, butiloda, flashi iliyokuwa imechomekwa. Anaeleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nimeelewa.

Mwenye miwani: lakini programu ya kusakinisha huuliza kwanza. Ulichagua nini?

— Sikumbuki kuchagua.
— Hukumbuki?
— Sikumbuki. Nadhani nilikuwa mzembe.

Ameandika. Mwenye miwani ameinama ameandika neno, si fupi. Mama wa lipstiki amelisoma pembeni na amekunja midomo. Mwanangu ameiweka mikono yake chini ya meza, ninaiona mimi tu, inashikana kama watoto wawili wanaovuka barabara.

Nataka kusimama. Nikisimama waya unachomoka, picha inazima, na hao hawatasubiri wifi ainamishwe tena. Nimepigiliwa hapa. Lakini mdomo hauna waya.

Wifi ananitazama kutoka chini. Kuna kitu amekiona usoni mwangu, maana ametabasamu na kuweka sikio lake vizuri. Akae nalo. Atawaambia wote, na wote watacheka, na muuza duka atanizidishia chenji mpaka nife.

Mwenye miwani anafunga kalamu yake.

Nimekohoa.

Mwanangu amefumba macho. Mwenye miwani anauliza nani mwingine yuko hapo chumbani, na kilemba cha njano kimeanza kupanda taratibu kwenye picha ili kusikia vizuri. Nimesema, ni mama yake, mheshimiwa, nisamehe siwezi kusogea, nimeshika umeme. Hilo neno uliloliandika, kabla halijakauka, ule mstari wa chini niliubonyeza mimi, yeye alikuwa anaoga.