Vichujio Viwili vya Tyuna ya Mama

Mkunazini, Unguja
12 Oktoba 2003

Mpendwa ndugu yangu Mundhir,

Tangu tarehe 19 Agosti, ulipokuja kututembelea ukaifungua tyuna ya mama, ile redio yake, kwa nia njema, nyumba hii haijaipata stesheni ya Tanga tena. Nimelitanguliza hilo kwa sababu limenikaa kooni. Sasa, assalaam aleikum. U hali gani huko Maskati, na joto limepungua? Magoti ya mama mdogo je? Sisi wazima, alhamdulillahi. Presha ya mama imeshuka, chakula anakula.

Wewe umesomea umeme chuoni, mimi nimejifunza kwa kufungua redio mbovu za watu tangu mwaka 1986. Basi sikukimbilia kukulaumu, nilipima kwanza. Kabla hujaigusa, kwa antena ileile ya juu ya paa, tulikuwa tunakamata stesheni kumi na moja. Sasa saba. Nne zilizopotea zote ni za mbali.

Nikaifungua. Kumbe umetoa vile vichujio viwili vyembamba, vinavyopitisha stesheni moja na kumzuia jirani yake, ukaweka vipana. Sikatai, sauti imekuwa tamu: nasikia mpaka kucha za mpiga ganuni zikigusa nyuzi. Huko kwenu stesheni zina nguvu na zimeachana. Hapa Tanga ipo 92.3, na ya mjini, ambayo mnara wake nauona nikisimama darini, ipo 92.0. Mlango ukiwa mpana, anaingia wa karibu.

Nimeng'oa vichujio kwenye redio za gari zilizokufa. Kimoja kina nukta nyekundu, kimoja buluu, yaani masafa yao hayalingani. Nikavifunga pamoja kwa pupa, msoma habari akatoka kama ana maji mdomoni. Mama akacheka: "Huyo kazama?" Nikajaribu kipana chako kimoja na chembamba kimoja: Tanga ikaja, ikaondoka. Hapo ndipo hamu iliponishika. Nataka nifunge swichi nyuma, upande mmoja vipana vyako, upande wa pili vya mwanzo. Unaonaje, waya wa inchi mbili hautaniletea mikwaruzo?

Lakini si mchezo tu. Unamjua mama, kila alasiri husikiliza matangazo ya vifo ya kwao Tanga. Bi Sichana, shoga yake aliyesoma naye chuo cha Kurani utotoni, alifariki Tanga tarehe 9 Septemba. Sisi tumepata habari siku kumi na moja baadaye, kwa mtu aliyeshuka botini. Hitma ya kumrehemu ilishasomwa. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, "Nami nilikuwa nimekaa hapahapa, redio inaimba." Tangu siku hiyo ananiuliza, "Nani mwengine kafa, nami sijui?" Nimjibu nini?

Nisalimie mama mdogo, mkeo Nada, na mwanao Basil, umwambie kaseti yake nshaitengeneza. Mola akuzidishieni afya na akufikisheni Ramadhani nyote mkiwa wazima.

Barua hii anakuja nayo Abrahman, naye anarudi Unguja Ijumaa tarehe 24. Vile vichujio vya mwanzo ulivitia mfuko wa shati, nilikuona; ukiwa navyo, mpe yeye anirudishie. Maelezo ya utamu wa sauti sitaki. Nipigie simu dukani kwangu kabla ya Jumatano tarehe 22, saa kumi alasiri, useme neno moja: unavyo, au umevitupa?

Wako akupendaye, pamoja na hasira zake,
Thuwaini