Kitambaa cha KADIBU

Mujukuu wangu Ntumba,

Sisi wote hapa Katuba tunakusalimu, na mama yako amepona kikohozi. Umeniuliza kama ufute neno la kwetu, KADIBU, kwenye mikoba unayoshona, kwa sababu wanunuzi wa huko wanalicheka.

Katanga ilipojitenga na Kongo, nilikuwa mwanafunzi mwenye haya, mpenda vitabu. Kwa kermesse, soko la kazi za mikono parokiani, nilidarizi kitambaa cha meza: KADIBU. Ndivyo mama yangu, Muluba wa Kasai, alivyotamka “karibu”. Siku hizo watu wa Kasai walichukiwa hapa, na matamshi hayo yalitosha kukuletea maadui.

Mwenzangu Agnès alicheka. “Weye mwenye kusoma vitabu yote, hauyue kuandika karibu? Fumua mbio, bantu banakuya!”

Nilishika mkasi, watu wakianza kuingia. Kisha nikaona kwamba ningekuwa ninamfumua mama. Nikakitandaza mbele kabisa, neno likiwa juu.

Mwanamke mmoja akaligusa kwa kidole. “Kwenu nani anasemaka vile?” akanong'ona.

“Mama,” nikajibu kwa sauti.

“Hata wangu. Unifungie.”

Siku ile nilirudi nyumbani kwa kuzunguka mjini, nikitazama maduka, kichwa juu.

Nitumie mkoba mmoja, neno likiwa mahali pake.

Ni mimi nkambo wako