Vibuyu Vitatu vya Nesi Jeruto

Kimumu, Eldoret

Dada yangu Wairimu,

Kwanza niambie habari ya goti. Kabla ya kahawa, kabla ya mvua, goti. Uliandika kwamba linakubali kupanda mlima hadi kanisani lakini linakataa kushuka. Je, mmepatana? Sisi huku tu wazima. Mke wangu anasema nimenenepa. Mimi nasema ni masweta, maana baridi ya mwaka huu imetoka Timboroa moja kwa moja bila kupumzika njiani.

Kanisa limenifanya mlezi wa darasa la vijana la Jumamosi. Usifurahi sana, walinichagua kwa sababu mimi ndiye ninayekodisha viti vya plastiki. Anayefundisha ni nesi mmoja kijana, Jeruto. Kazi yangu ni kupanga viti na kunyamaza. La kwanza naliweza.

Anawafundisha wavulana na wasichana pamoja: hedhi, uzazi, kwa nini msichana aoshe vyombo huku kaka yake anasoma. Siku ya kwanza alipotamka "hedhi" mbele ya wavulana, mimi nilitoka nje kuhesabu viti vilivyokuwa ndani.

Katika darasa hilo yuko Jelimo, wa kidato cha tatu. Kila mwezi alikuwa anakosa shule siku nne, tano. Baba yake, Mzee Kiptoo, ni jirani yangu na mfugaji, na ameshikilia mila ya zamani: mwanamke aliye katika siku zake asikame wala asiguse kibuyu, maziwa yataharibika. Basi siku hizo Jelimo alikaa chumba cha nyuma, na hakuna aliyemuuliza ana nini. Mzee aliposikia yanayofundishwa, akaja kumtoa.

"Sista, hawa watoto unawapoteza," akasema akiwa mlangoni. "Maziwa yaliyoguswa yanajulikana. Mimi nikionja tu, najua."

"Basi Mzee, njoo Jumamosi ijayo utufundishe," Jeruto akamjibu, kwa heshima kabisa. "Mimi nitaleta mursik."

Akaleta vibuyu vitatu vya mursik, Mzee aonje aseme ni kipi kilichoguswa. Unayajua, yale maziwa ya kuganda yenye majivu, uliyoyakataa ulipokuja harusi ya binti yangu Njeri. Nami nikajitolea kuwa jaji wa pili. Miaka ishirini huku, nani atanifunza mursik? Nikaonja, nikafumba macho, nikatangaza: "Kibuyu cha kwanza ndicho kilichoharibika. Hata mtoto anajua."

Mzee Kiptoo alinitazama kwa huruma, halafu akachagua cha tatu kuwa bora. "Hii sasa ndiyo mursik. Aliyetengeneza hii alilelewa."

"Cha kwanza, Mzee Kamau," Jeruto akaniambia, "ni cha kaka yangu. Alikama mwenyewe, akajaza mwenyewe."

Vijana wakaangua kicheko. "Umeshikwa, buda!" mmoja akapiga kelele.

"Na cha tatu ni changu. Nilikama na kukijaza nikiwa siku ya pili ya hedhi."

Mzee akatazama kikombe chake. Nilidhani atakimwaga. Akakinyoosha aongezewe.

Hapo Jelimo akasimama. "Baba, hata usiponiruhusu kugusa maziwa, sawa. Lakini mimi naumwa. Naumwa mpaka natapika, na nyinyi mnafikiri nimekaa tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningeanzia wapi, Baba? Kwetu hilo jambo halitajwi."

Jumatatu mzee mwenyewe alimpeleka hospitali, akakaa foleni katikati ya akina mama, kofia mkononi. Daktari amekuta uvimbe kwenye kifuko cha mayai; anasema umewahiwa, na amempa dawa. Mwezi huu Jelimo amekosa shule siku moja tu, ile ya kliniki.

Nilimuuliza Jeruto alipata wapi ujasiri wa kusema vile mbele ya wazee. "Niliogopa sana, Mzee," akasema. "Lakini ningemtumia msichana wa darasani, wangemcheka hadi aolewe. Afadhali wanicheke mimi." Wairimu, mimi nina mvi, na bado sijawahi kufanya kitu kama hicho.

Nisalimie shemeji yangu Ndirangu, mume wako, na umwambie lile jembe langu sijalisahau. Msalimie Shangazi Wanjiku, aliyetulea Mama alipougua, na wajukuu wako wote, hata yule anayeuma.

Na sasa neno ambalo nimelizungukia barua nzima. Msimu wa kuchuma kahawa, kuna siku ulikuwa unajikunja chini ya miti na debe lako tupu. Mimi ndiye niliyekuwa nakimbia kumwambia Baba kwamba unajifanya. Ulichapwa mbele yangu, na mimi nikapewa muwa kwa kusema ukweli.

Ulikuwa unaumwa? Nijibu hilo hata kama mengine yote utayaacha. Na unisamehe, Dada; hilo naliomba bila kungoja jibu.

Mdogo wako,
Kamau