Kwa Shangazi Tadea, Kuhusu Mkutano wa Wadau na Majina Niliyokataa Kuyataja

Mbinga mjini,
Mkoa wa Ruvuma.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Tadea,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Bukoba, wewe na kaka Nicolaus, mkewe Edina na watoto wote. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unatembea hadi kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Lakini usijipime sana, hasa kipindi cha mvua za huko.

Sisi huku hatujambo. Baridi ya mwaka huu imetubana kweli. Asubuhi ukungu hauondoki hadi saa nne, na kahawa inachelewa kukauka kwenye vichanja. Baba anakohoa kidogo ila hakubali kukaa ndani, yuko shambani na wavunaji kila siku. Mama ni mzima, na amechaguliwa tena mwenyekiti wa jumuiya.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu najua husikii vizuri kwenye simu, na jambo lenyewe ni refu. Binamu Raimundi alipokuja huko kwenye harusi mwezi uliopita, alikwambia kwamba nimefukuzwa kazi kwa kuwajibu vibaya wakubwa. Mama alipoisoma barua yako alinikalisha chini kama mtoto wa darasa la tatu. Sijafukuzwa, shangazi. Ila kugombana tuligombana, na ni bora ulisikie kutoka kwangu.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Nikakujibu "utafiti", nawe ukanyamaza kwa adabu. Basi kazi ni hii. Shirika lililoniajiri lilitengeneza huduma ya simu kwa ajili ya wajawazito wa vijiji vya mbali. Mama akizidiwa, yeye au mtu wa nyumbani kwake anapiga namba fulani, anajibu maswali yanayotokea kwenye kioo cha simu, kisha linatumwa gari kumchukua, au boti ya injini kwa wale wa ziwani. Mimi nilitumwa nikaangalie kama watu wanaiweza.

Nakaa na mtu nyumbani kwake, namwomba aagize gari kama vile kweli kuna mgonjwa, halafu natazama. Simsaidii wala simwelekezi. Naandika tu mahali anapokwama. Inaonekana kazi nyepesi, lakini mara nyingi imebidi niukalie mkono wangu mwenyewe.

Mwezi wa nne nilikwenda vijiji vya Mbaha, Kihagara na Ruanda ya huku kwetu, watu wanne kila mahali. Katika hao kumi na wawili, wawili tu walifika mwisho, na mmoja wao alikuwa ameagiza gari liende kijiji kisicho chake.

Swali la kwanza lilidai namba ya kadi ya kliniki, tarakimu kumi. Kadi iko ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Ukienda kuitafuta, ukirudi maandishi yameshafutika na unaanza upya. Ukivuka hapo unaulizwa "aina ya dharura ya uzazi", na chini yake kuna majibu sita ya kitabuni. Wewe uliyezalisha watu miaka thelathini unajua kama mwenye kutokwa damu ana nafasi ya kukaa na kuchagua.

Kilichoniumiza ni kwamba kila aliyeshindwa aliniomba radhi. Baba mmoja wa Kihagara, mkulima wa muhogo, mkewe ana mimba ya miezi saba. Alijaribu mara tano, kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili.

"Nisamehe mwanangu," akasema, "shule yangu ilikuwa fupi. Tafadhali usiandike kwamba ni mimi."

Nikamwahidi kuwa jina lake halitatoka kwangu. Niliwaahidi wote kumi na wawili, na ndiyo maana hata wewe sikutajii.

Sasa mkutano. Ulifanyika tarehe 23 Mei katika ukumbi wa hoteli moja hapa mjini. Ndipo nilipotakiwa kuwaeleza wadau matokeo ya utafiti. Walikuwepo wafadhili wawili kutoka Dar es Salaam, wauguzi, madereva, meneja wa mradi Bwana William, na Erasmo, mtaalamu wa kompyuta aliyeitengeneza huduma yenyewe. Uzinduzi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja. Fulana zilishachapwa, tena nzuri, rangi ya kijani.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandaa kurasa arobaini na sita za kuonyesha ukutani, zimejaa asilimia na michoro. Nilitaka waone kwamba nimesoma. Nilipofika ukurasa wa ishirini, mfadhili mmoja alikuwa anajibu ujumbe wa simu, na dereva mmoja wa nyuma alikuwa amelala waziwazi. Nikaendelea tu kusoma, sauti inazidi kupungua.

Nilipomaliza, Bwana William alinishukuru vizuri, kisha akawageukia wageni. "Kwa hiyo wananchi wetu wanahitaji elimu. Tutawafundisha. Uzinduzi uko palepale."

Nikasema shida haiko kwa wananchi.

"Sawa," akasema. "Basi tupe majina ya hao kumi walioshindwa, tuanze na wao. Unayo kwenye daftari."

"Ninayo, lakini sitayatoa."

"Scolastika, daftari hilo ni mali ya shirika."

"Daftari ni la shirika, meneja. Lakini watu hao walinipa majina yao baada ya mimi kuwaahidi. Nikiwataja leo, mwakani nikirudi Kihagara nitafungiwa mlango, na atakayefuata baada yangu atafungiwa pia."

Bwana William akafunga kompyuta yake na kusema kwamba mimi na yeye tutaongea ofisini, na kwamba nikumbuke mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Kisha tukaambiwa ni muda wa chai. Raimundi ndiye aliyekuwa amewaleta wauguzi kwa gari. Wakati huo akaitwa kwenda kuchukua dawa, hakurudi tena. Kwa hiyo simlaumu. Alichokueleza ndicho alichokiona, ila aliona nusu.

Nilisimama karibu na meza ya chai. Nilifikiria kuchukua mkoba na kwenda nyumbani. Humo ndani mlikuwa na vile vitochi vinne, simu ndogo za vibonyezo nilizokuwa natumia vijijini, pamoja na kadi za mfano za kliniki. Nikavitoa.

Tuliporudi niliomba dakika kumi. Bwana William alitazama saa. Aliyenisaidia ni dada Yuliana, muuguzi mkuu, mama mmoja mzito wa maneno. Akasema, "Tumekaa saa mbili nzima, dakika kumi hazituui." Hakuna aliyebisha.

Nikampa kitochi kimoja Bwana William, kimoja mfadhili, kimoja dada Yuliana na kimoja Erasmo. Kadi za kliniki nikaziweka kwenye boksi nyuma kabisa ya ukumbi, chini ya fulana. Nikawaambia, "Uko Mbaha. Mgonjwa wako anatokwa damu. Omba boti." Halafu nikakaa, nikafungua daftari, nikanyamaza kama ninavyonyamaza vijijini.

Mfadhili aliacha kwenye swali la kwanza. Dada Yuliana, anayeyajua maneno yote ya hospitali, alikwama kati ya majibu mawili hadi kioo kikazima. Bwana William aliinuka kwenda kutafuta kadi, akapekua fulana, akarudi, maandishi hayapo. Akaanza upya, akakosea tarakimu moja. Mara ya tatu nilimwona jasho kwenye paji la uso, na baridi yote ile ya Mbinga.

"Hii simu ina shida gani?" akauliza, bila kumwangalia mtu.

Nikamjibu kwa heshima, "Meneja, wale kumi hawakuniuliza swali hilo. Wao waliniomba msamaha."

Erasmo peke yake ndiye aliyefika mwisho. Aliweka simu mezani taratibu. "Mimi niliyeitengeneza nimetumia dakika nne," akasema. "Kule ofisini nilikuwa naijaribu kwenye simu yangu kubwa, na namba ya kadi niko nayo kichwani. Kosa ni langu. Dada Scola, nipeleke Mbaha."

Wafadhili walinong'onezana na Bwana William muda mrefu, kisha ikatangazwa kwamba uzinduzi unasogezwa mbele mwezi mmoja na zaidi. Mambo ya majina hayakutajwa tena.

Kesho yake Bwana William aliniita ofisini. Nilienda nimejiandaa kufukuzwa. Aliniambia neno moja ambalo bado linanisumbua: "Ungeweza kunionyesha kile kitochi kabla ya mkutano." Ni kweli, shangazi. Nilimpelekea ripoti nene siku mbili kabla, nikajua hatasoma, nikaona nimetimiza wajibu. Nilimwaibisha mbele ya wageni wake wakati ningeweza kumkalisha pembeni mapema. Nikamwomba radhi kwa hilo, akaipokea. Yeye hakuniomba, nami sikungoja aniombe.

Juni tulikwenda Mbaha mimi na Erasmo. Hakuwahi kufika ziwani; alizaliwa Iringa na kusomea Dodoma. Tulipoteremka tukaliona Ziwa Nyasa alivua koti. Mama aliyetupokea alikuwa mmoja wa wale wa kwanza, na tumbo sasa limekuwa kubwa. Alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wa ziwani, uani. Nilimweleza Erasmo masharti: tazama tu, usisaidie. Haikupita dakika moja akawa ameshamnyang'anya yule mama simu amwonyeshe pa kubonyeza. Ikabidi nimwambie akae mbali, mikono chini ya mapaja.

Mama akajaribu tena, akachoka. Akaweka simu juu ya kinu. "Mimi naomba niulize," akasema. "Kwa nini nisibipu tu, nyinyi mkanipigia? Mume wangu akiwa Mbamba Bay nambipu, ananipigia, tunaelewana. Maswali yote haya si mtu angeniuliza kwa mdomo?"

Erasmo akanitazama. Nami nikashikwa na aibu, maana maneno hayohayo aliniambia mwezi wa nne. Nilikuwa nimeyaandika. Nilifungua ripoti nikamwonyesha: ukurasa wa arobaini na moja, kwa herufi ndogo, chini ya "maoni mengineyo". Jibu la tatizo lote lilikuwa kwenye ripoti yangu, nami ndiye niliyelificha.

Basi sasa iko hivi. Ni namba moja tu. Unabipu, unakata. Muuguzi anakupigia, anakuuliza uko wapi na kuna nini, kwa Kiswahili, Kinyasa au Kimatengo, halafu yeye ndiye anayejaza hayo mambo ya kadi. Ilihitaji wauguzi wa kupokezana usiku na mchana, na wafadhili walikataa mara mbili. Aliyewashinda ni Bwana William. Alikwenda Dar es Salaam mwenyewe, akiwa na kitochi mfukoni, akawawekea mezani. Lazima niliseme hilo, kwa sababu usije ukamwona mtu mbaya.

Huduma ilianza Jumatatu iliyopita. Wiki hii ya kwanza wamebipu watu sitini na watatu. Wengi wanajaribu tu kama kweli atapiga mtu. Bibi mmoja wa Ruanda alibipu mara tatu kwa siku mbili, na mara ya tatu dada Yuliana alipomuuliza anaumwa nini, akajibu haumwi, anataka tu kuwa na uhakika. Dada Yuliana alitaka kukasirika, kisha akamwambia, "Basi bibi, uwe na uhakika."

Alhamisi kulikuwa na mmoja ambaye hakuwa anajaribu, kutoka kijiji cha ziwani ambacho sijawahi kufika. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Boti ilimfikia yule mama kabla ya saa mbili kupita, akafanyiwa upasuaji, na wote wawili wako hai. Mtoto ni wa kike. Niliambiwa hayo kwenye korido nikiwa nimebeba faili, nikaingia chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Mkataba wangu umeongezwa hadi Desemba. Bwana William aliusaini akaniambia ripoti ijayo isizidi kurasa kumi. Nimekubali, tena nataka ziwe tano.

Shangazi, ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya njano. Ni maelezo ya dalili za hatari kwa mjamzito, tunataka kuyabandika milangoni mwa nyumba. Nimeyaandika mimi. Naomba uyasome polepole, na umpe Edina pia asome bila wewe kumweleza. Mahali popote mtakaporudia mstari mara mbili, pigeni alama kwa penseli, kisha unirudishie. Tafadhali usiniandikie kwamba ni nzuri. Ofisi nzima imeshaniambia ni nzuri. Wewe nitilie alama ulipokwama, hata zikiwa ishirini, wala usinionee huruma kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yako.

Baba na mama wanakusalimu sana, na mdogo wangu Izidori anauliza lini utakuja ule mahindi ya kuchoma ya huku. Nisalimie kaka Nicolaus, Edina na watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Mungu akutunze macho na magoti, akupe usingizi mzuri na majirani wema huko uliko.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kungoja penseli yako,

Scolastika