Kompyuta Haitoki Kikuyu

Kikuyu, Dodoma
19 Agosti 2001

Kwa kaka yangu Imrani,

Assalaam alaykum, na shikamoo, maana hata nikiwa na hasira za kukutafuna mbichi, mdogo ni mdogo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Salwa na watoto, na joto la huko Dar es Salaam. Sisi huku hatujambo. Upepo wa Agosti umetukalia vibaya, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kopo la chumvi, lakini Mama anaendelea na eda yake salama. Hapo kwenye salama pashike vizuri, nitaparudia.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikaona haiboreki. Unasema nimeigeuza nyumba ya marehemu kuwa disko, magari yananguruma sebuleni kila jioni na majirani wanasikia. Unasema nimeifungua kompyuta yako bila ruhusa na kuiharibu. Unasema nimeonekana nikiisukuma kwenye mkokoteni kwenda kuiuza wakati kaburi la Baba halijakauka. Na kwa kuwa umeshahukumu, unamtuma dereva wako Batholomeo Ijumaa na pikapu aje aichukue, nami niwe nimeshaifunga kwenye boksi. Batholomeo namheshimu. Atapata chai na chapati, atapata maji ya moto ya kuoga. Kompyuta hapati. Ukitaka kujua kwa nini, kaa chini usome mpaka mwisho, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Kwanza hilo neno "yangu". Ile Idi uliyoileta kompyuta kutoka Kariakoo, mtumba wa Dubai, imeshachoka tangu hapo, ulisimama mbele ya Baba na baba zetu wadogo ukasema hii ni zawadi ya Baba, aandikie mambo yake ya msikiti. Watu wakapiga makofi, na wewe ukayapokea. Leo Baba hayupo, zawadi imekuwa yako? Ala! Kitu kilichotolewa mbele za watu hakirudishwi kwa barua. Tena Baba, Mungu amrehemu, hakuandika humo hata bismillahi. Aliyeitumia ni wewe, kila Idi unajifungia sebuleni na gemu lako la magari, wageni waliokuja kukusalimu wanaondoka wameuona mgongo wako tu.

Sasa mkokoteni. Najua aliyekupigia simu ni Shangazi Mwantum. Dada wa baba yetu ni mkubwa wangu, sitamtukana, lakini kama macho yangechoka kwa kuchungulia, yake yangeshapofuka. Aliona blanketi, akaona mkokoteni, akakimbilia kibanda cha simu na kanga moja begani. Hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia nampelekea Kaushik, yule rafiki yako wa duka la redio karibu na soko, mliyekaa naye dawati moja. Ningemwambia pia kwamba mwanamume wa nje haji kukaa na bisibisi sebuleni alipo mjane wa eda, kwa hiyo mashine ndiyo ikamfuata fundi, na blanketi lilikuwa la vumbi. Niliporudi nayo jioni ile ile, Shangazi alikuwa pale pale kwenye ua wake na aliniona. Hiyo hakukupigia simu, au siyo? Habari ya kitu kilichorudi haina utamu.

Unadai nimeiharibu. Kaka, ilikuwa imeshakufa, wewe ulikuwa unaicheza maiti. Ukiiwasha unakwenda kubandika chai, chai inachemka, unarudi, bado inawaza. Gari la kwenye gemu likienda kidogo linasimama katikati ya barabara, halafu linaruka mbele, halafu kioo kinakuwa cheusi na kimya. Kaushik alipoifungua alicheka mpaka akakaa chini. Vumbi la Dodoma lote lilikuwa humo, feni imevaa manyoya mekundu kama kuku. Akalipuliza kwa pampu ya baiskeli, duka zima tukapiga chafya. Kisha akaiwasha akaniuliza nani aliyeilisha takataka zile. Wewe! Picha ya samaki wanaoogelea, saa inayoimba, kalenda, sijui programu gani za kutafuta virusi ambazo hazijawahi kukamata hata kirusi kimoja, vyote vinaamka pamoja mashine ikiwashwa na kugombania mlango. Akafuta visivyo na kazi, akaipanga upya diski, akachomoa memori kwenye mashine yake mbovu akaichomeka kwetu. Gemu likaenda pale dukani kama maji. Kwa hiyo ndiyo, niliifungua, na Ijumaa nikiulizwa nitasema tena.

Ila tulipoirudisha nyumbani, ikazima. Nikaisukuma tena mpaka sokoni, na safari hii Kaushik hakucheka, maana alidhani namsingizia ufundi. Akaniuliza tunaifanya nini huko nyumbani. Nikasema hatuifanyi kitu, inakaa mezani, imefunikwa kama vyombo vya watu wote. Akataka kujua imefunikwa na nini. Nikamwambia kitambaa cha Mama cha kufuma, kile cheupe chenye maua na vishada, kinachoanzia juu mpaka mezani, kioo tu ndicho kiko wazi. Akauliza na ikiwa inafanya kazi? Nikamjibu kwamba hasa ikiwa inafanya kazi, vumbi si ndiyo linaingia. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Akasema mashine ile inapumulia nyuma, na sisi miaka yote tumeiziba pua halafu tunailaumu kwamba ni mvivu. Aibu iliyonishika siwezi kukuandikia. Lakini na wewe, mjuzi wetu, ulicheza humo Idi baada ya Idi na kitambaa kiko juu yake, hukusema neno.

Mama kuambiwa akivue kitambaa, thubutu! Televisheni ina chake, redio ina chake, friji, mtungi, hata saa ya ukutani ingekuwa na bega angeivalisha. Alikifuma wiki ile ile uliyoileta kompyuta, uzi aliagiza Iringa. Aliniuliza, mtu akiingia akaikuta iko uchi, atasema nyumba hii mwanamke wake alikufa pamoja na mumewe? Kesho yake nikamkuta ameketi kwenye godoro, amevaa nguo zake nyeupe, anafuma kingine chenye dirisha nyuma, mashine ipate kupumua. Imrani, tangu tumzike Baba, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichoona mikono yake inakishika kwa hiari.

Hayo ndiyo usiyoyajua, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulizika, ukasoma hitima, ukapanda basi. Ukipiga simu kwa jirani, Mama anakujibu tunamshukuru Mungu, nawe unaridhika unakata. Mimi ndiye niliyebaki na mgongo wake. Aligeukia ukuta. Uji ulikuwa unapoa ninamwaga, ninapika mwingine, unapoa ninamwaga. Akishaswali anarudi ukutani. Usiku nilikuwa nasogeza godoro langu nisikie kama anapumua. Niliogopa, kaka. Niliogopa tutazika wawili mwaka mmoja, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana wa kumwambia alikuwa kazini Dar es Salaam.

Alasiri moja, kitambaa kipya kimevishwa, nikawasha gemu lako nione kama mashine itazima tena. Unanijua, hata baiskeli sijui. Gari nililigonga ukuta huu, nikaligonga na ule. Ndipo Mama, nyuma yangu, bila hata kugeuka vizuri, akasema mwendo unapunguzwa kabla ya kona, si ndani ya kona, na kwamba ningekuwa na mzigo nyuma ningeshaua watu. Nikaachia kibodi. Siku nyingi nilikuwa sijasikia kutoka kwake sentensi yenye urefu ule. Nikamuuliza amejulia wapi mambo hayo. Akaniambia kabla wewe hujazaliwa alikuwa anakaa kando ya Baba kwenye lori, Dodoma kwenda Kondoa, Kondoa kurudi, wakati barabara ile ni mawe matupu, na kona zote anazijua. Alimwomba Baba mara nyingi amwachie usukani japo pale pa wazi baada ya Haneti, na Baba akawa anamjibu kwamba safari ijayo. Safari ijayo, safari ijayo, mpaka ukazaliwa wewe, akabaki nyumbani. Alipomaliza kusema hivyo akaniambia nisogee.

Basi ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeapa sitamwambia mtu, lakini umenivua nguo mbele ya ukoo, kwa hiyo sikia. Disko la nyumba ya marehemu ni mama yako mzazi. Hayo magari yanayonguruma kila jioni ni yeye anayeyaendesha, na nguo zake za eda, tasbihi imezungushwa kwenye kiwiko cha mkono, akikosa kona anasema astaghafirullah na kuanza upya. Akimaliza anakula. Anakula ugali, Imrani, anaomba na mlenda. Na usije na fatwa zako za kusikia njiani, nimeshamuuliza mke wa imamu wetu. Kasema eda inamkataza mjane kutoka na kujipamba, na kwamba yeye katika kusoma kwake hajakutana na gari la kwenye kioo, mradi swala hazipitwi. Hazipitwi.

Ukaniandikia tena nisimwonyeshe Mama barua yako. Nimemsomea yote. Nilipofika palipoandikwa Batholomeo na pikapu, aliweka chini kikombe. Sikuwahi kumwona Mama akikasirika kwa sababu yako, siku zote mwenye makosa huwa ni mimi. Safari hii alisema kwa utaratibu kabisa kwamba alikubeba tumboni akiwa amekaa kwenye kiti cha abiria, na kwamba ukitaka kumtoa kwenye usukani, uje mwenyewe, usitume dereva. Halafu akaniambia niandike kama alivyosema, nisipambe. Sijapamba.

Lipo na lingine, alitaka nikufiche, ila mimi roho yangu si nzuri kama yake. Unaikumbuka ile orodha ya washindi kwenye gemu, ile uliyokuwa unatuita tuje tuione, jina lako peke yako juu mpaka chini? Iwashe kichwani mwako. Juu kabisa sasa hivi pameandikwa MAMA IMRANI. Nilimuuliza kwa nini asiandike jina lake alilopewa na wazazi wake, akanijibu kwamba hili ndilo watu wanalomjua nalo. Wewe uko chini yake. Na si kwa kidogo.

Nafunga hapa, adhana ya magharibi inaanza na Mama anataka nimzimie mashine kwa utaratibu, hapendi ikizimwa kwa kuchomolewa. Msalimu wifi, wabusu watoto, Kaushik anakusalimu na anasema samaki wako wameshakufa. Shangazi Mwantum hajatuma salamu, zake anazituma kwa simu. Mama anakusalimu sana, anakuombea dua kila swala, hata sasa, jambo ambalo mimi nimeshindwa. Anasema Batholomeo asikatazwe kuja, ila gari lisije tupu. Kule juu kwenye kona ya mlimani gemu bado linakwamakwama. Umtumie memori nyingine, kubwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira na haki,
Shamila