Mtumbwi wa Wacheza Mpira

Kyela, 9 Julai 1912

Mpendwa dada Tusekile,

Ugonile. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Katumba Songwe. Sisi tunaishi, ingawa siwezi kusema tu wazima. Kabla ya habari nyingine, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu: nilijua mtumbwi ule ni mbovu.

Ulisikia kwamba vijana wa shule yetu walialikwa ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza, kucheza ule mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi. Hakuna wachezaji wa upande huu wa Wadachi waliowahi kuvuka maji. Kaka yetu Lutengano alijigamba kwamba watakula ng'ombe wa wenyeji mchana na kuwabwaga matopeni jioni. Mchumba wangu Nsajigwa alimjibu ajifunze kudaka kwanza, maana mikono yake imezoea chuchu za ng'ombe tu. Hata mwalimu alicheka.

Mtumbwi aliutoa baba yake Nsajigwa. Asubuhi ya safari nilikwenda kuchota maji, nikaona ufa mrefu karibu na tezi, kule nyuma ya mtumbwi, maji yakipenya ndani. Mara mkwe wangu huyo akakohoa njiani, kama ilivyo desturi, ili nimpishe. Nikajificha kwenye matete. Hakuondoka pale mpaka vijana walipopanda wakiimba.

Upepo wa mwela uliwakuta katikati. Walizama watatu, Nsajigwa akiwemo. Lutengano amerudi kwa miguu. Anasema wenyeji waliokuwa wakiwangoja kucheza ndio waliowachimbia makaburi, na hakuna aliyeutaja mpira.

Sasa lawama zote ni za Eliya, yule Mkisi aliyeshika kasia la nyuma. Wanasema alilewa. Eliya hanywi, dada. Jumatatu anapelekwa bomani kwa minyororo.

Shuleni tulifundishwa kwamba msichana Mkristo hamkimbii mkwe, humsalimu. Nilijibu vizuri mwalimu aliponiuliza. Lakini ng'ombe wa mahari walikwisha kuja, na mkwe hapaswi hata kuisikia sauti yangu. Ningeweza kupaza sauti nikiwa mle mle kwenye matete. Niliona aibu, basi.

Jana mkwe alimwambia baba kwamba hajaona binti mwenye heshima kama mimi, na kwamba niolewe na mdogo wa marehemu. Baba amekubali.

Wasalimie watoto. Ukiisha kuisoma barua hii itie motoni, na usimwambie mtu, hata shemeji. Hata ukisikia habari za Eliya, usiseme.

Ni mimi mdogo wako,
Naomi